Tairi za lami na vumbi, Tabora: 28 ngumu, 40 laini au za meno?

AsaliMbichi (Tabora)

Mwangaluka wakuu.

Nisaidieni kabla sijatupa hela tena. Nina baiskeli ya mtumba ya giya, breki za diski, ringi imegongwa namba 622x19. Kila Jumamosi natoka Isevya alfajiri, nashika lami ya Sikonge, halafu naiacha lami naingia porini kwa warina asali wangu. Kwa makadirio ni nusu lami, nusu moramu, na humo kwenye moramu kuna vipande vya kichanga vya kushuka na kusukuma. Kurudi nina dumu la lita 10 nyuma. Asali si maji, dumu hilo ni kilo 14 na ushee. Mimi mwenyewe nina kilo 74.

Sasa hivi nina 700x28, yaani upana milimita 28, najaza upepo hadi 100 psi. Lami zinakwenda vizuri. Vumbini nafika viganja vimekufa ganzi na kamba za dumu zimelegea. Kuna jamaa anarudi kutoka Ujerumani mwezi ujao, ameahidi kunibebea jozi moja. Nimebaki na tatu kichwani: Marathon Plus ya Schwalbe ya 38, GravelKing SS ya Panaracer ya 40, na Terra Speed ya Continental ya 40. Au niachane na za Ulaya na Japani, nichukue Kenda za meno hapa mjini.

Nataka kasi, na mgongo wangu nautaka pia.

Halafu ya mwaka jana nitaisema mwenyewe kabla hamjanicheka. Nilinunua tairi za 28x1½, muuzaji akaapa 28 ni 28. Zikacheza kwenye ringi kama pete ya babu kwenye kidole cha mjukuu. Hela hakurudisha.

MwishoWaReli (Kigoma)

Mkuu unajisumbua. Tairi nyembamba, upepo mwingi, mjadala umeisha. Ikiwa ngumu kama jiwe hailali barabarani, inakwenda. Hizo nene ni za kubebea mkaa. Ganzi ya viganja ni mazoea tu, vaa glovu.

FundiSpoku (Tabora)

Tuanze na pete ya babu, maana kila wiki analetwa mtu kwangu na shida hiyo.

Namba 28 haina maana yoyote mpaka usome ile namba ndogo ubavuni mwa tairi. Baiskeli za Phoenix za Kichina na ndugu zake wa Kihindi wanavaa 28x1½, ambayo kwa milimita ni 635 pale tairi inapokaa kwenye ringi. Baiskeli yako ni 622. Hiyo ndiyo 700C, na hata 29 za milimani ni 622 hiyo hiyo. Wajerumani nao wana tabia ya kuandika 28 kwenye tairi za 622, hapo ndipo muuzaji alipochanganyikiwa, au alipojifanya kuchanganyikiwa. Tofauti ni milimita 13, na hakuna fundi wa kuziba pengo hilo. Tafuta maandishi ya aina hii: 40-622. Ya kwanza ni upana, ya pili ni ringi. Hizo inchi waachie wenye duka.

Sasa MwishoWaReli. Mdogo wangu, hata hao wa mbio unaowaiga wameshakuacha. Zamani lami walivaa 23. Leo 28 na 30 ni kawaida, na kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix kule Ufaransa wanapita na 32 na zaidi. Wale hawatafuti raha, wanalipwa kufika mapema.

Sababu yenyewe ni hii. Tairi ikikutana na kokoto, moja kati ya mawili hutokea. Ama tairi inabonyea na kuimeza kokoto, ama inakataa kubonyea na wewe unarushwa juu, wewe na dumu lako kilo 14. Huko kurushwa kunakula nguvu, na nguvu hiyo ulishailipa kwa miguu. Kwenye lami mpya kabisa hasara ni ndogo, ndiyo maana hujaiona. Kwenye moramu yenye mawimbi unalipa kila mzunguko wa gurudumu.

Pia watu wanafikiri tairi pana inalala chini kwa eneo kubwa zaidi. Kwa upepo ule ule eneo ni lile lile, maana uzito ni ule ule. Kinachobadilika ni umbo. Ya nyembamba inalala kwa urefu, ya pana inalala kwa upana, na ya kulala kwa urefu ndiyo inayokunjwa zaidi ikizunguka.

Ila sikiliza, upana peke yake si dawa. Kuna tairi za 40 hapa mjini zinazovuta kama zimetiwa lami ndani. Angalia mwili wa tairi, ule wavu wa nyuzi chini ya mpira. Bana ubavu kwa vidole viwili. Ukikunjika kama kanga, hiyo ni tairi ya kwenda. Ukikunjika kama kandambili, iache. Namba za nyuzi kwa inchi zinasaidia kiasi, lakini soma vizuri: Continental anaandika 3/180, maana yake ni tabaka tatu za 60, si nyuzi 180 kwenye tabaka moja.

Kwa njia yako mimi ningeweka GravelKing SS. Katikati iko karibu laini, mabegani ina vimeno. Terra Speed nayo ni nyepesi na inakimbia, shida yangu ni ubavu wake mwembamba na visiki vya porini.

Upepo kwa kilo zako, tairi 40 yenye tyubu: mbele 35 psi, nyuma 40. Siku ya dumu nyuma 45. Hizo 100 zako zisahau, ukizitia kwenye tairi pana utaipasua. Tairi ikiwa pana, upepo ule ule unaukaza mwili wake zaidi, kwa hiyo 40 psi kwenye 40 si tairi legevu kama inavyosikika.

MwishoWaReli (Kigoma)

Fundi umeandika kitabu. Mimi na 25 zangu nawapita wote kutoka Mwanga hadi Ujiji.

FundiSpoku (Tabora)

Mwanga hadi Ujiji ni lami. Hata mimi na uzee huu nitakupita.

BiMwandiga (Kigoma)

Kaka AsaliMbichi, msikilize fundi lakini ukumbuke anaishi mezani. Tabora mtu anaweza kuendesha siku nzima asijue kupanda ni nini.

Mimi napanda lami ya Manyovu, nikifika Kalinzi naiacha nashuka kwenye njia za mashamba ya kahawa. Udongo mwekundu. Kiangazi tairi laini, isiyo na meno, inatosha kabisa, hilo nakubali, kwenye moramu iliyoshindiliwa meno hayana cha kushika, changarawe yenyewe inabiringika chini yako. Mvua zikianza Novemba ni habari nyingine. Nilipanda na laini mbele na nyuma, nyuma ikazunguka pale pale, hilo si kitu, unashuka. Kushuka ndiyo mbele ikanitoka. Nilitua na mabegi mawili ya madaftari ya wanafunzi, yote yakawa mekundu.

Tangu hapo mbele naweka ya meno mafupi, nyuma laini. Nyuma ikiteleza unarudisha kwa kiuno. Mbele ikiteleza huna la kurudisha. Uzito mwingi uko nyuma, kwa hiyo kasi unaipata huko kwenye laini, na mbele unalipia kidogo tu usalama.

MzeeSwala (Tabora)

Vijana mnatumia hela nyingi kwa jambo dogo. Baiskeli yangu ya Swala bado inatembea. Adui wa baiskeli Tabora si kokoto, ni mbigili. Mvua zikikatika zinakauka, mwezi wa sita zimejaa pembeni mwa kila njia, na haijalishi tairi yako imetoka Ujerumani au mbinguni.

Dawa: chukua tairi kuukuu, kata waya zote mbili, iliyobaki ilaze ndani kati ya tairi na tyubu. Nimekaa tangu Sabasaba sijapakaa solusheni.

AsaliMbichi (Tabora)

Shikamoo mzee. Na kasi je?

MzeeSwala (Tabora)

Marahaba. Kasi ya kwenda wapi?

FundiSpoku (Tabora)

Mzee yuko sawa kuhusu mbigili, na kwa kweli kajibu swali la Marathon Plus bila kujua. Ile tairi ina tabaka la mpira la milimita 5 kati ya kashata, ule mpira wa juu unaogusa barabara, na nyuzi. Ni alichofanya mzee, Wajerumani wakakigundisha. Mbigili haifiki ndani. Lakini pima uzito: ya 38 inakaribia kilo moja, Terra Speed ya 40 haifiki hata nusu kilo. Na uzito si neno kubwa, ukishakolea mwendo unausahau. Neno ni ule unene usiotaka kukunjika. Tairi haimezi kokoto, kwa hiyo umerudi kwenye kurushwa. Kama unapeleka barua kila siku na huna muda wa pancha, ichukue bila kufikiri. Kwa Jumamosi za asali, hapana.

Anayefuata njia ya mzee, kingo za kile kipande zichongwe kwa wembe ziwe nyembamba, la sivyo zinasaga tyubu taratibu na utalaumu mbigili zisizo na hatia.

PoriLaKaliua (Kaliua)

Mbona hakuna aliyetaja tyubulesi? Mimi nina mwaka na nusu. Unaondoa tyubu, unatia dawa ya maji, mililita 60 hivi kwa tairi ya 40. Mbigili ikiingia unaing'oa, unageuza tundu liwe chini, dawa inaziba, unaendelea. Na kwa kuwa hakuna tyubu ya kubanwa na ringi nashusha upepo hadi 30, kichangani napita huku wengine wanasukuma.

Ubaya wake nao niuseme. Dawa inakauka, na kwa joto letu mimi naongeza kila baada ya miezi miwili. Kukalisha tairi kwenye ringi pampu ya mkono haitoshi, naenda kwa mafundi wa bodaboda wenye kompresa, na valvu zangu nyembamba haziingii kwenye bomba lao, lazima uwe na kile kikofia cha shaba cha kubadilisha. Tairi ikichanika ubavu porini unarudi kwenye tyubu, kwa hiyo tyubu unaibeba tu. Na mikono itakuwa meupe ya dawa.

FundiSpoku (Tabora)

Mikono *itakuwa myeupe*, Kaliua, shule ilifungwa mapema? Lakini umesema vizuri. AsaliMbichi, ringi yako ikaguliwe kwanza kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. 622x19 inakwambia vipimo tu, kipenyo na upana wa ndani. Kama haikutengenezwa kwa tyubulesi, usilazimishe.

Na usije ukarubuniwa na zile tyubu za plastiki nyembamba, za rangi rangi. Nyepesi kweli, zinakunjwa mfukoni kama pakiti ya biskuti. Solusheni yetu haizishiki, zinataka viraka vyake. Ukitoboka pori la Sikonge hakuna mtu wa kukusaidia.

Mwisho, nafasi ya fremu. Tairi 40 inaingia? Gurudumu likiwa limefungwa na tairi hiyo ya 40, pitisha spana ya L ya milimita 6 kati ya tairi na uma, kisha nyuma karibu na pedeli. Isipopita, chukua 35. Udongo wa mbuga ukinata hapo kati gurudumu linasimama kama limefungwa breki.

AsaliMbichi (Tabora)

Nimerudi, karibu miezi miwili imepita. Nimeweka GravelKing SS 40 mbele na nyuma, na tyubu za kawaida. Spana ya 6 ilipita mbele bila shida, nyuma ilipita kwa kusugua kidogo, nimekubali.

Jumamosi ya kwanza nilijua nimetapeliwa. Lami ya Sikonge baiskeli ilikuwa kimya, haitetemi, nikasema hii imelala. Nilikanyaga kwa hasira. Kumbe zile 28 zilikuwa zinanidanganya kwa kelele, ukitetemeka unadhani unakimbia. Saa inasema lami nafika kwa muda ule ule, wiki moja nilichelewa dakika mbili na upepo ulikuwa usoni. Vumbini hakuna ulinganisho, nafika nimebaki na miguu ya kurudi nayo. Kichangani nashuka sehemu moja tu, pale wanapolisha ng'ombe.

Nilianza na 40 nyuma nikiwa na dumu, kwa ubishi. Nikagonga jiwe, tyubu ikabanwa na ringi, matundu mawili sambamba kama ya meno ya nyoka. Sasa natii 45. Mbigili nimepata mbili, zote za pembeni nilipompisha lori, nikaziba kwa solusheni. Mzee, nimeanza kuikata tairi kuukuu, naiweka akiba mwezi wa sita ukifika.

BiMwandiga, ya meno ya mbele naitafuta kabla ya mvua. Hapo mbugani kabla ya kijiji sina imani na laini.

Zile 28 zipo, zimetembea kidogo. Nani anazitaka?

BiMwandiga (Kigoma)

Usiweke meno marefu, mafupi yanatosha, na panga ili kashata ielekee kwenye mshale wa ubavuni. Hiyo laini ya mbele ukiitoa itunze, nyuma ndiyo inayoisha haraka, utaihamishia huko.

MwishoWaReli (Kigoma)

Mkuu, hizo 28 nitumie kwa treni ya kuja huku. Nauli ya mzigo nalipa mimi.

FundiSpoku (Tabora)

Kwa hiyo unatoka 25 unakwenda 28.

MwishoWaReli (Kigoma)

Ni za akiba tu, fundi.