Gesi inagoma kukata stenlesi, ninunue plazma au niwe napeleka kwenye leza?

fundi_wa_ziwani:
Wakuu habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Mwanza, kazi zetu ni mageti na matela ya trekta, ila siku hizi naletewa sana oda za stenlesi, meza za kupasulia samaki na sinki kubwa za jikoni. Chuma cheusi nakata na gesi, oksijeni na asetilini, pleti ya mm 20 naipita bila shida. Ila stenlesi ya mm 2 na 3 ukiiwashia gesi inayeyuka, inajikunja, alafu inaganda tena nyuma ya moto, unabaki na uji tu. Kwa sasa tunakata na grinda, diski zinaisha hovyo na kona za mviringo hazitoki vizuri. Juu ya hilo kuna mteja kalalamika meza yake imetoa vidoa vya kutu na mimi najua nilimpa 304 ya kweli, ile aina ya stenlesi ya vyombo vya jikoni.

Naomba ushauri, plazma ya ampia 40 itanitosha au hela hiyo niitunze niwe napeleka kukatiwa na leza, ile mashine ya mwale wa mwanga? Na hii ya kukata na maji ipo kweli?

mkata_pleti:
Mkuu hapo ufundi wako hauna kosa, gesi haiwezi kukata stenlesi hata ukimleta nani. Watu wengi wanadhani moto wa gesi ndio unakata. Moto kazi yake ni kupasha tu, chuma kikifika kama nyuzi 900 hivi ukabonyeza wenzo wa oksijeni, chuma chenyewe ndio kinaungua, na kikiungua kinatoa joto linalopasha chuma kilicho mbele yake, ndio maana pleti nene inakatika kirahisi, viwandani wanakata hata ya mm 300 kwa njia hii hii. Ule uchafu wa chuma kilichoungua unayeyuka mapema kuliko chuma kwa hiyo oksijeni inaupuliza chini unaondoka.

Sasa stenlesi ina kromiamu, hiyo 304 yako ina kama asilimia 18. Kromiamu ikikutana na oksijeni inatengeneza ngozi ambayo haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000, wakati stenlesi yenyewe inayeyuka kwenye 1,400 na kitu. Yaani unayeyusha nyama na ngozi bado ipo, oksijeni haipiti. Alumini ni hivyo hivyo, yenyewe inayeyuka kwenye 660 ila ngozi yake inataka zaidi ya 2,000.

Plazma haihitaji chuma kiungue. Umeme unapita kwenye hewa iliyobanwa kwenye katundu kadogo, hewa inakuwa na joto la nyuzi 20,000 na zaidi, inayeyusha na kupuliza hapo hapo. Ilianza miaka ya 1950 Marekani, Union Carbide, na shida waliyokuwa wanaitatua ni hii hii yako, alumini na stenlesi. Kitu chochote kinachopitisha umeme inakata.

Ampia 40 kwa mm 2 na 3 inakutosha na inabaki. Ila usidanganyike na namba ya unene iliyoandikwa kwenye boksi. Mara nyingi ile ni ya kutenganisha tu, pleti inaachana lakini ukingo umechakaa. Ukitaka ukingo safi chukua nusu ya hiyo namba, utakuwa salama.

mama_karakana:
Naongezea hapo kwenye plazma maana mashine watu wananunua wanasahau HEWA. Nipo Dar, hewa ya huku ina unyevu sana na nyie mpo ziwani hamjatofautiana na sisi. Kompresa inakusanya maji kwenye tangi, fungua ile koki ya chini jioni uone maji ya kutu yanavyotoka. Hayo yakifika kwenye tochi yanakula elektrodi (kile kipande cha ndani kinachotoa umeme) na nozo (kile chenye katundu ka kutokea moto) kwa kasi ya ajabu. Pale katikati ya ncha ya elektrodi kuna kitone cha madini ya hafniamu, angalia kila asubuhi, kikishaliwa mpaka pakawa na shimo la kama mm 1 na nusu badilisha, ukiendelea kukata itaondoka na nozo na kichwa cha tochi. Nozo ikishapanuka na tundu lake kuwa yai yai mkato unatoka umelala upande mmoja, vijana wanasema mashine mbovu kumbe ni nozo.

Kwa hiyo chuja maji mara mbili, chujio moja kwenye kompresa na jingine karibu na mashine, bomba la kati liwe refu kidogo hewa ipoe maji yashuke. Kabla hujawasha puliza hewa ya tochi kwenye karatasi nyeupe, ikilowa usikate. Na kompresa iwe inatoa lita 150 hadi 200 kwa dakika kweli kweli, kale kadogo ka tangi la lita 24 katakuwa kanaunguruma bila kupumzika mpaka kafe.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu vijana wetu wanaumia. Moshi wa stenlesi iliyokatwa na plazma una kromiamu ile mbaya inayoleta saratani ya mapafu. Kakitambaa puani hakasaidii. Nunua barakoa yenye vichujio vya moshi wa kuchomelea, weka feni inayovuta moshi, na meza ya kukatia iwe na maji chini. Ila ukikata alumini kwenye meza ya maji kuwa makini, unga wake ukikaa kwenye maji unatoa haidrojeni, ikijikusanya chini ya pleti inalipuka. Na maziwa baada ya kazi ni chakula kizuri lakini yanaenda tumboni, kwenye mapafu hayafiki.

juakali_nai:
Niko Nairobi upande wa Industrial Area. Kwa meza za kuonekana mimi napeleka leza na sijutii. Wanapuliza naitrojeni badala ya oksijeni kwa hiyo ukingo unatoka mweupe unang'aa, hakuna rangi ya bluu, ni kukunja na kuchomelea tu. Plazma itakuachia ule ubluu, lazima uusugue au upake dawa ya tindikali uondoke wote, la sivyo kutu itaanzia hapo.

Uzuri mwingine wa leza ni wembamba wa mkato, sehemu tu ya milimita, unapanga vipande vyako karibu karibu na shiti inabaki na takataka kidogo sana. Stenlesi vile iko bei, hiyo ni pesa. Lakini lazima uende na mchoro uliochorwa kwa kompyuta, ukiwapelekea karatasi ya mkono watakuchaji kuchora tena. Kununua leza yako usifikirie sahii, hiyo inataka stima ya kutulia na kazi ya kuishughulisha mchana kutwa.

mkata_pleti:
Halafu mkuu hilo la kutu sidhani ni stenlesi feki. Nauliza tu, hizo diski za grinda ndizo zinakata chuma cheusi pia?

fundi_wa_ziwani:
Ndio ni hizo hizo. Hata brashi ya waya ni moja.

mkata_pleti:
Basi hapo hapo. Chembe za chuma cheusi zinang'ang'ania kwenye stenlesi, ikipata maji na chumvi ya jikoni zinaoza na doa linaonekana la stenlesi. Tenga diski zilizoandikwa za stenlesi, brashi iwe ya waya wa stenlesi, na msikate chuma cheusi karibu na hizo meza maana cheche zinaruka mbali. Hiyo ya mteja isugue na ile dawa ya tindikali, glavu na miwani lazima, isuuze na maji mengi, itarudi.

mpemba_sohar:
Assalam aleikum. Kukata na maji kupo kweli, mimi nafanya kazi hiyo huku Oman. Maji yanasukumwa kwa presha mpaka baa 4,000 hivi, yanachanganywa na mchanga wa ganeti, yanapita kwenye tundu jembamba. Granaiti, marumaru, mpira, shaba, chuma cha mm 100, vyote vinapita na hakuna joto, ukingo unaushika na mkono hapo hapo. Kioo cha kawaida kinakatika, kile kilichokazwa kwa moto kinapasuka chote, usijaribu. Ila ni pole pole na ganeti inaliwa kwa magunia, kwa shiti ya mm 3 ya meza ya samaki ni hasara tupu.

fundi_wa_ziwani:
Nashukuru sana wakuu. Kwa hiyo plazma ninunue na gesi niuze?

mkata_pleti:
Usiuze hata kidogo! Pleti ya mm 20 plazma ya ampia 40 itakutesa. Kama asetilini inakuumiza bei hamia gesi ya kupikia, ila badilisha nozo iwe ya gesi hiyo, ya asetilini haifai, na utasubiri kidogo zaidi chuma kipate moto.