Nimeuziwa ufito wa futi 14 wa "salmoni na trauti wa baharini", nauvulia wapi hapa Unguja?

Assalaam alaykum wanajukwaa. Jambo hili ninalo tangu kusi lianze, nikasema nitanyamaza. Lakini juzi nimesikia kijana wa Matemwe anajikusanyia pesa aende duka lile lile akanunue ufito kama wangu, nikaona nikinyamaza nitakuwa na sehemu yangu katika dhambi.

Mie napeleka wageni kuvua, Nungwi, mwaka wa tisa huu. Tunakokota chambo nyuma ya boti, tunavua mshipi wa mkono, usiku tunatafuta changu. Miaka ya karibuni wageni wanaulizia uvuvi wa chambo cha manyoya, ule wa ufito mrefu mwembamba na mshipi mnene wa rangi, mtu anaurusha mbele na nyuma kama anafukuza mbu wasioonekana. Mwanzo nilicheka. Nikasikia wanacholipa kwa siku, nikaacha kucheka.

Nikaenda Mjini, duka moja (silitaji, wenye kulijua wanalijua). Muuzaji akanitolea mfuko wa kitambaa, ndani vipande vinne vya kaboni, mpini mrefu wa koki (ile ya vizibo vya chupa) juu na mwengine mfupi chini.

"Kepteni, huu ndio wenyewe. Umeandikwa salmoni na trauti wa baharini. Salmoni samaki mkubwa, na huyu trauti jina lake linakwambia, wa baharini. Wewe hufanyi kazi baharini?"

"Nafanya."

"Basi wataka nini tena, yakhe?"

Laki sita na nusu, pamoja na rili (gurudumu la kukunjia mshipi) na mshipi. Nikalipa, nikamshukuru na kumshukuru.

Kumbe trauti wa baharini ni trauti yule yule wa mtoni, ila anakwenda baharini kunenepa kisha anarudi mtoni kuzaa. Na wavuvi wa huko Ulaya wengi wanamngojea mtoni, si baharini. Wales wanamvua usiku wa kiangazi, kimya kimya, kwa ufito wa mkono mmoja wa futi 10 hivi, namba 7 au 8 (namba hizi ni za uzito wa mshipi, nitazieleza chini). Kwa hiyo hata kwao, huu wangu wa futi 14 kwa trauti ni kumchinja kuku kwa shoka. Huu ni wa salmoni wa mito mipana ya Uskoti: Spey, Tay, Dee. Mtu anasimama ndani ya maji mpaka kiunoni, nyuma yake ukingo na miti, hana pa kuurusha mshipi nyuma. Basi anashika mikono miwili, anauinua mshipi majini, anauzungusha ubavuni, anausukuma mbele. Ufito mrefu ndio unaomuwezesha.

Mie nina boti ya futi 24 yenye kivuli cha turubai.

Siku ya kwanza nilitoka na wageni wawili na baharia wangu, kijana wa miaka 19. Kusi linavuma. Mgeni kasimama tezi, kauinua ufito, ncha ikapiga turubai. Tukaliondoa turubai, sote juani. Mara ya pili ndoana ikapita juu ya sikio la baharia wangu na kushika kola ya fulana. Kijana akaniangalia tu, hakusema kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko angenitukana. Kufika saa nne mshipi wenyewe umelegea. Umetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi, na mishipi ya namna hiyo ikikutana na jua letu ngozi yake inakuwa laini na inanata. Ulikuwa sitahani kama tambi zilizopitiliza motoni, kila pete ya ufito unaipita kwa kuvutwa.

Halafu, kwa bahati mbaya, tukapata samaki. Kolekole, akaja na kundi lake nyuma ya mwamba, akabugia manyoya mita kumi kutoka boti. Rili ile breki yake ni kijino kinacholia trrrr, basi. Salmoni huenda wakaiheshimu. Kolekole alikwenda moja kwa moja chini kwenye matumbawe, rili ikalia kama cherehani, mgeni akataka kuizuia kwa kiganja, mkono wa rili ukampiga vidole. Uzi ukakatika. Tulichorudi nacho ni kidole kimevimba.

Nikasema labda kosa ni mshipi. Mgeni mwengine akaniachia mshipi wake wa nchi za joto, namba 9, na ufito wangu umeandikwa 9. Nikafurahi. Nikautia, nikarusha, ufito haupindi hata kidogo. Ni kama kurusha uzi wa cherehani kwa boriti ya mkoko.

Hapa ndipo penye wizi hasa, someni taratibu. Katika mshipi wa mkono kinachokwenda mbali ni chubwi, linauvuta uzi nyuma yake. Huku ni kinyume. Chambo ni manyoya tu, uzito wake kama kokwa ya tende. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, na kazi ya ufito ni kuubeba. Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye ufito si ya samaki, ni ya uzito wa mshipi. Kwa fito za mkono mmoja, futi 30 za mwanzo za namba 8 ni gramu 13 na nusu hivi, namba 9 gramu 15 na nusu, namba 10 gramu 18. Lakini namba 9 ya mikono miwili ina hesabu yake nyengine, inataka mshipi mzito mara mbili na zaidi. Namba moja, vitu viwili. Muuzaji hakunambia. Nilipomrudia akasema "9 ni 9, kepteni". Alipoona sikubali akaja na hadithi, ati salmoni wa kilo 29 katolewa mtoni Tay kwa ufito kama huu. Samaki huyo ni wa kweli, alivuliwa 1922 na mwanamke, Georgina Ballantine, pauni 64. Lakini hakuvuliwa kwa manyoya! Alikuwa ndani ya mashua, chambo chake ni samaki mdogo. Yaani hadithi aliyoitumia kunitetea ufito wake inamtetea mvuvi wa Nungwi.

Na kuna la vipande. Ukirusha kwa ile namna ya kuzungusha, ufito unajisokota na vipande vinalegea kidogo kidogo. Wenyewe wanavifunga utepe kwenye viungo. Mie sikuambiwa. Kipande cha juu kikachomoka, kikaenda na mshipi, na kama si ndoana kukizuia kwenye pete kingekuwa kwenye mchanga wa Mnemba mpaka leo.

Sasa niseme kweli, maana sitaki mtu aje hapa kusema namchukia mtu. Ufito wenyewe ni mzuri. Mzee mmoja wa Kiskoti aliyekuja mapumziko aliuona umelala kwenye dari ya boti, macho yakamtoka. Akaniletea mshipi mzito wa kweli aliokuwa nao, akafunga viungo kwa utepe wa umeme, akanipeleka kwenye fungu maji yakipwa, jioni, upepo umekufa. Akanambia nisitumie nguvu. Nilichukua nusu saa kumuelewa. Kisha mara moja tu ulipinda wote, kutoka ncha mpaka ndani ya koki, nikausikia kwenye kiganja cha mkono wa chini, mshipi ukaondoka bila sauti ukanyooka juu ya maji, mbali kuliko nilivyowahi kuurusha. Nikacheka peke yangu kama mtoto. Hatukupata samaki. Tulibaki mpaka magharibi.

Kwa hiyo hasira zangu si za ufito. Ni za mtu anayesoma maneno mawili kwenye lebo na kumuuzia nahodha wa bahari ya chumvi kitu cha mtoni, na akirudishiwa anakuonyesha kikaratasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Rili sasa inakwaruza, chumvi imeshaila ndani, na naiosha kwa maji baridi ya bomba kila siku.

Kijana wa Matemwe, kama unasoma: usiulize "huu wa samaki gani". Uliza wa mkono mmoja au miwili, mshipi wake gramu ngapi, na breki ya rili imezibwa maji yasiingie au la. Kwa fungu na ndani ya mwamba, futi 9 namba 8 inatosha. Kolekole wa maana, 10. Sulisuli na jodari, 12, na uzi wa akiba, ule unaofungwa nyuma ya mshipi ndani ya rili, si chini ya mita 200. Mshipi uwe wa nchi za joto, usikubali mwengine hata bure.

NIMEONGEZA: Wanaonambia niuuze kwa mgeni, nimejaribu. Wote wanasema ni mzuri sana, halafu wanauliza mto uko wapi. Mwera si Spey, ndugu zangu.

Jumamosi naurudisha dukani. Akikataa nitauunga vipande vyote vinne pale pale kizingitini na kuusimamisha. Mlango wake nimeupima kwa macho, haufiki futi saba.