Mrejesho: alama nyekundu kwa samaki wangu wa dhahabu

Ndugu zangu, wiki tatu zilizopita niliwauliza kwa nini samaki wangu watano, ninaowafuga kwenye tangi la kioo huku Kampala, wametokwa na alama nyekundu. Mlioniambia nipime maji kabla ya kukimbilia dawa, asanteni sana. Mmeniokolea samaki.

Amonia, ile sumu inayotokana na uchafu wa samaki na mabaki ya chakula, ilikuwa juu. Kosa langu: nilisuuza sponji ya chujio kwa maji ya bomba, klorini ikaua bakteria wanaoimaliza ile amonia. Mistari myembamba kama nyuzi za damu ilikuwa kwenye mapezi ya wote, hasa mkiani. Nikawa nabadilisha robo ya maji kila siku, yaliyokwisha kuondolewa klorini, na chakula nikapunguza. Siku ya tisa mistari ikafifia.

Ila yule mweupe alibaki na kidonda, ubavu wa kushoto tu, magamba matatu hayapo. Hapo nikajua si maji. Nikapapasa jiwe la volkano nililotoka nalo Kisoro na kuliweka humo tangini, likanikwaruza kidole! Nimelitoa. Jana nimeona ngozi mpya inang'aa pale, na anakula vizuri.