Chupa sita za mvinyo wa 2012 zimekaa kabatini Tudor, Mombasa: nitajuaje kama zimekomaa au zimeiva na joto?

Kabati la Chini
Wandugu, nina chupa sita za Cabernet Sauvignon, mvinyo mwekundu wa Stellenbosch, Afrika Kusini, mavuno ya 2012, zenye vizibo vya gome, si vifuniko vya kuzungusha. Miaka minne ya kwanza zilikaa kwenye friji ya mvinyo, nyuzi 14. Tangu hapo zimelazwa kabatini Tudor, chumba hakina AC. Nataka kufungua moja ili niamue kuhusu hizo tano. Naanzia wapi?

Kizibuo
Usianze na kizibuo. Isimamishe chupa siku mbili mashapo yatulie, kisha imulike kwa tochi ya simu kutoka nyuma. Kwa umri huo, mvinyo ukiishia sehemu ya chini ya shingo hakuna neno. Ukiwa umeshuka chini ya mabega, hewa imeingia.

Halafu papasa juu ya kizibo kwa kidole. Kama kimevimba kupita mdomo wa chupa, hilo ni joto: mchana mvinyo hutanuka na kukisukuma, usiku hunywea na kuvuta hewa. Jaribu pia kuizungusha ile karatasi ya shingoni. Ikigoma, mara nyingi kuna mvinyo uliovuja ukaigandisha. Mwezi wa Machi nyumba isiyo na AC hapa hupita nyuzi 30, kwa hiyo zikague zote sita na uanze na iliyo mbaya zaidi. Nzuri hazina haraka.

mama wa glasi
Nyongeza kwa Kaka Kizibuo. Kizibo cha miaka mingi huvunjika katikati, hasa ukitumia kizibuo chenye msumari mnene. Tumia kile cha miguu miwili bapa: penyeza miguu kando ya kizibo kwa kukiyumbisha, kisha zungusha huku ukivuta. Kikivunjika na kuzama, usihangaike, chuja kwa kitambaa safi cha melimeli. Kichujio cha chai hupitisha vumbi.

Tena chupa ikae kwenye friji kwanza, mpaka ifike kama nyuzi 17. Ukionja mvinyo wa nyuzi 30, kileo kitakupanda puani na utadhani umeharibika hata kama ni mzima.

Mimina polepole bila kusita, tochi ikiwa chini ya shingo. Uzi mweusi wa mashapo ukifika begani, acha hapo.

Kabati la Chini
Asante dada. Na nikionja, natafuta nini?

Kizibuo
Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Ukingo wa rangi ya matofali ni umri tu. Kahawia mpaka katikati ni dalili mbaya. Uliokomaa hunukia ngozi na tumbaku, na tanini, ule ukakasi wa mvinyo mwekundu, haikwaruzi ulimi. Uliopikwa na joto hunukia tende na sukari guru iliyoungua, kisha mdomoni ladha hupotea upesi, hauna uchachu wa kuushikilia. Ukinukia siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha, umwage. Harufu ya katoni iliyolowa ni ugonjwa wa kizibo, haihusiani na kabati lako wala haiondoki kwa kupigwa upepo, na chupa ya pili inaweza kuwa safi kabisa.

mama wa glasi
Onja papo hapo, baada ya nusu saa, na baada ya saa moja, uandike kila mara. Ukizidi kufunguka, yaani harufu na ladha zikiongezeka, hizo nyingine zinaweza kungoja, lakini si humo kabatini. Matunda yakipotea ndani ya nusu saa, zinyweni mwaka huu.

Bandari Kuu
Na msiogope kuzihamishia kwenye friji leo. Kupoa mara moja hakuziui. Kinachoziua ni kupanda na kushuka kila siku. Stima ikikatika, usifungue mlango. Friji ya jikoni inafaa kwa miezi michache. Zaidi ya hapo ukavu wake hukausha kizibo.

Mvinyo ambao hautajali kabati la Tudor ni Madeira. Aina zake za kawaida hupashwa moto kiwandani, nyuzi 45 hadi 50, miezi mitatu.

Kabati la Chini
Nimemulika. Nne ziko shingoni, moja begani, moja kizibo kimevimba na karatasi haizunguki.

Kizibuo
Hiyo iliyogoma ndiyo ya Jumamosi. Ya begani iwe ya pili. Nne zilazwe kwenye friji leo.