Tupeane uzoefu: mradi wa mwaka wa mwisho wa fizikia, ulikukwamisha wapi?

Waya Nne

Wakuu, habari za muda. Mdogo wangu anaingia mwaka wa mwisho wa fizikia, kaniuliza mradi wa utafiti ukoje. Nikaanza kumweleza habari za sura na kurasa, kumbe ninachokikumbuka mimi ni wiki 3 zilizoliwa na waya. Leteni visa: ulikuwa unapima nini, ukakwama wapi.

Naanza. Nilikuwa napima ukinzani wa utando mwembamba wa metali juu ya kioo. Multimita, waya 2, basi. Kila siku namba nyingine, na nikibana klipu, inashuka. Nikaitungia nadharia nzima ya unyevu wa hewa! Fundi wa maabara (si msimamizi, fundi) akapita, akagusanisha ncha za waya bila sampuli: karibu omu 1. Na utando wangu wote ulikuwa unasoma omu 2. Nilikuwa natafiti klipu. Dawa yake ni waya 4: 2 zinapitisha mkondo, 2 zinasoma volteji tu, na kwa kuwa hizi za kusoma hazipitishi mkondo wa maana, ukinzani wake hauingii kwenye hesabu. Hilo nilishalijibia mtihani mwaka wa pili, nikapata na alama.

Kopo Tupu

Mkuu umenitonesha kidonda. Mimi nilipima mionzi asilia ya udongo kwa kigunduzi cha gamma. Nimekausha, nimechekecha, nimejaza vikopo, nabisha hodi. Naulizwa, "Umevifunga lini?" Asubuhi hii. Wakacheka.

Radiamu-226 kwa kawaida tunaipima kupitia vizazi vyake (elementi zinazotokana na kuoza kwake), risasi-214 na bismathi-214, na katikati hapo kuna radoni, ambayo ni gesi. Inatoroka. Lazima kopo libanwe lisivuje, usubiri radoni ijijenge upya mpaka iwiane na radiamu. Nusu-uhai wa radoni (muda wa nusu yake kuoza) ni siku 3.8, hivyo ni kama wiki 4. Kwenye ratiba yangu hazikuwemo hata siku 4.

Halafu foleni ya mashine. Ukihesabu miale N, kosa lake ni kipeuo cha pili cha N, kwa hiyo kosa la asilimia 1 linataka hesabu 10,000. Ukitaka kosa lipungue nusu, muda ni mara 4. Pendekezo langu lilisema sampuli 30. Niliwasilisha 9, na kwenye utetezi hakuna aliyelalamika.

Bembea

Wangu mfupi. Pendulumu, g (mchapuko wa mvutano wa dunia) ikatoka 9.8, nikafurahi. Msimamizi: "Jumlisha au toa ngapi?" Yaani kosa la kipimo ni kiasi gani. Nikarudi maabara wiki 2.

Waya Nne

Hahaha, Bembea, 9.8 hata mimi naweza kukuandikia nikiwa kitandani.

Spini Chini

Mimi kifaa nilichokitaka hakikuwepo, nikahamia kwenye kompyuta: modeli ya Ising ya gridi ya mraba, yaani visumaku vidogo (spini) kwenye gridi, kila kimoja kikielekea juu au chini. Mwanafizikia Onsager aliitatua 1944, joto la mpito (pale mpangilio wa spini unapovunjika) ni 2.269 kwa vizio vya modeli yenyewe, nikaona jibu ninalo tayari. Gridi ya 10 kwa 10 ikanipa kilele cha joto mahususi (nishati inayohitajika kupandisha joto) juu ya hapo, kwenye 2.35 hivi. Nikawinda kosa kwenye programu usiku kucha, siku na siku. Halikuwepo! Gridi ndogo ndiyo inayosogeza kilele. Nikaendesha 20, 40, 80, nikachora vilele dhidi ya 1 gawanya kwa ukubwa, mstari ukaelekea 2.27 wenyewe.

Lililonikamata ni jingine. Karibu na mpito spini hubadilika kwa kujikokota, vipimo vinavyofuatana vinafanana, na mimi nilivihesabu kama vimejitegemea. Kosa likaonekana dogo kuliko lilivyo. Jopo lilikwenda moja kwa moja kwenye ukurasa huo.

Sikupata Kitu

Jina linajieleza. Nilitaka kujua kama sumaku inabadilisha kasi ya maji kukauka. Bika 2, mizani, sumaku chini ya moja. Tofauti ikaonekana, safi kabisa, mpaka nikaanza kuandika utangulizi kwa mbwembwe. Msimamizi akasema, "Badilisha nafasi za bika." Sumaku ikahama, tofauti ikabaki palepale. Dirisha! Mzee akaniambia andika hivyohivyo, na grafu zote mbili. Sura ya matokeo ilikuwa kurasa 6 tu.

Mwaka wa Mwisho

Nawasoma tangu juu huku nimekaa na vikopo vyangu vya udongo. Kopo Tupu, hizo wiki 4 sikuzijua. Nibane kwa silikoni?

Kopo Tupu

Silikoni acha, radoni hupenya humo. Gundi ya epoksi kwenye kifuniko, au kopo la chuma la kubana. Andika tarehe na saa juu ya kila kopo. Na funga leo.