Naomba ushauri: mashimelo hayagandi, na Jumamosi nina oda

Mama Visheti: Waungwana, nimejaribu mara tatu kutengeneza sinia dogo la mashimelo, zile peremende laini kama sponji, kwa sukari gramu 200 na jelatini gramu 12, na kila nikiamka nakuta uji. Shira naipika hadi nyuzi 115, naimimina kidogo kidogo juu ya jelatini iliyolowekwa, kisha napiga kwa mashine dakika 15. Je, ninunue mashine nyingine?

Mzee wa Kahawa: Kabla ya mashine, binti yangu, soma pakiti. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa, na nyingi ni ya nguruwe.

Mama Visheti: Yangu ni ya ng'ombe, mzee wangu, na ina alama ya halali.

Kaimati Tamu: Mimi huku Tanga niliyaacha mezani wakati wa masika, yakatoa jasho hadi yakawa bonge moja. Siku hizi nayagaragaza kwenye sukari ya unga iliyochanganywa na kornifulawa, kisha nayafungia katika bati.

Fundi Shira: Jasho halifanyi uji. Jelatini uliiloweka kwa maji gani?

Mama Visheti: Si maji, ni juisi ya nanasi niliyoikamua mwenyewe, kwa saa nzima. Tafadhali msiniambie niiache, kwani mteja ameshalipa nusu na kadi zimeandikwa "nanasi bichi".

Fundi Shira: Kumbe! Papai bichi linavyolainisha nyama ya mishkaki, ndivyo nanasi linavyoivunjavunja jelatini, ambayo nayo ni protini. Ichemshe juisi dakika chache, uiache ipoe kabisa, ndipo uloweke. La kopo halina shida hiyo kwa kuwa limeshapikwa.

Mama Visheti: Ikichemka itapoteza harufu.

Mla Bure: Basi mimi naomba huo uji wenye harufu, kijiko ninacho.

Shahidi: Mnamjibu mtu anayetunga. Wiki iliyopita aliandika kwamba hana kipimajoto, leo nyuzi 115 amezisoma wapi? Huyu anatangaza biashara.

Mama Visheti: Nyuzi 115 ni za kwenye maelezo ya mapishi. Mimi nadondosha shira katika kikombe cha maji baridi, na ikifanya kidonge laini naepua. Mtu anayetangaza biashara angejisifia uji?

Kaimati Tamu: Hapo kwenye kidonge amesema kweli, hata bibi yangu alipima hivyo.

Mama Visheti: Juisi iko jikoni inachemka. Kwenye kadi, neno "bichi" nitalifuta kwa kalamu.