Boga la Naoshima: mgeni aitazame vipi sanaa ya kisasa ya Japani?

Msuka Ukili

Wanajamvi, salaam kwenu. Huu ni mwaka wa nne nafuatilia sanaa ya kisasa ya Japani kupitia vitabu vya maktaba, na yote yalianza siku nilipoona picha ya boga la manjano lenye madoa meusi, limekaa peke yake mwisho wa gati, nyuma yake bahari imetulia. Baadaye nikajua kwamba ni sanamu, kazi ya msanii Yayoi Kusama, aliyezaliwa Matsumoto mwaka 1929 katika familia ya wauza mbegu na miche, na kwamba liliwekwa kisiwani Naoshima mwaka 1994. Mwezi ujao, Mungu akinijalia, nitakwenda huko kwa siku tatu. Kinachonitatiza ni kwamba kila nikijieleza narudia maneno ya watalii, yaani utulivu, usafi na nafasi tupu, ilhali sijui Kijapani hata cha kuombea maji. Je, ninaipenda sanaa yenyewe, au Japani niliyojitungia kichwani? Nami nianzie wapi, nisije nikaishia kupiga picha na boga?

Mpanda Feri

Ndugu Msuka Ukili, nilisoma Takamatsu, mji wa bandari ulio karibu, kwa miaka miwili, na Naoshima ilikuwa safari ya feri isiyofika saa moja. Wahenga walisema ukipenda boga, penda na ua lake, na ua la boga hili halipendezi. Majumba ya sanaa unayoyaona pichani yako upande wa kusini, lakini kaskazini mwa kisiwa hichohicho kuna kiwanda cha kuyeyushia shaba kilichoanza mwaka 1917. Kisiwa jirani cha Teshima kilimwagiwa taka za viwandani kinyume cha sheria kwa miaka mingi, mpaka polisi walipoingilia kati mwaka 1990, na wakazi wakavutana na serikali ya mkoa hadi mwafaka ulipopatikana mwaka 2000. Zaidi ya tani 900,000 zilipakiwa melini na kupelekwa Naoshima kuteketezwa, na kazi hiyo ilikuwa bado inaendelea hadi mwaka 2017. Kwa hiyo jumba la sanaa la Teshima lilipofunguliwa mwaka 2010, taka zilikuwa bado zinavushwa.

Anzia hapo Teshima. Utavua viatu, kisha utaingia chini ya ganda la zege jeupe lisilo na nguzo hata moja, lililobuniwa na Ryue Nishizawa, lenye matundu mawili makubwa yanayopitisha upepo na mvua. Kazi iliyomo ni ya Rei Naito: maji huchomoza sakafuni kupitia vitobo vidogo mno, tone likatambaa, likasita, likameza jingine, kisha yote yakakimbilia kwenye kidimbwi. Mimi nilikanyaga tone kwa uzembe, soksi ikalowa, na mhudumu akanijia kimyakimya akanionyesha sakafu kwa kiganja. Tangu hapo nilitembea kama mtu aliyebeba mtungi kichwani.

Mwalimu wa Rangi

Nakubaliana na Mpanda Feri kuhusu Teshima, ila tusiigeuze kila kazi kuwa hadithi ya taka. Hofu yako ya kutunga Japani, ndugu, wasanii wenyewe wanaifahamu na wanaichezea. Takashi Murakami, aliyezaliwa mwaka 1962, ana shahada ya uzamivu katika nihonga, uchoraji unaohesabiwa kuwa wa jadi, ingawa jina hilo lilienea enzi ya Meiji (1868–1912) ili kuutenga na uchoraji wa Kimagharibi. Kusama naye alijijengea jina New York kabla ya kurudi nyumbani mwaka 1973. Ukiitafuta Japani ambayo jicho la mgeni halijapata kuigusa, utachoka bure.

Ukiwa Naoshima, usiipite Kadoya, nyumba ya kale kijijini Honmura. Mwaka 1998 Tatsuo Miyajima alitandaza namba 125 za taa zinazohesabu ndani ya maji, kwenye chumba chenye giza, na kasi ya kila namba ikapangwa na mkazi mmoja wa kisiwa. Nyingine zinakimbia, nyingine zinajikokota. Wenyeji wamo humo ndani, nawe huhitaji Kijapani kuwaona.

Bibi wa Kanga

Wanangu, mnazungumza kana kwamba kutazama ni kwa upande mmoja. Miaka ya 1950 na 1960 kanga nyingi tulizojifunga pwani zilichapwa Japani, na maneno ya Kiswahili juu yake. Na mjini Ise, mkoani Mie, kuna jumba zima la vinyago vya Wamakonde. Wajapani nao wanatutazama kwa mbali, na pengine wanatutunga pia.

Msuka Ukili

Shikamoo Bibi, na ahsanteni nyote. Siku mbili nimezihamishia Teshima na Honmura, na boga litapata asubuhi moja, maana nimesoma kwamba kimbunga kililisomba Agosti 2021 na likarudishwa gatini Oktoba 2022, nami nataka kuona limefungwaje safari hii. Mpanda Feri, nitabeba soksi za akiba.